Tusingoje Maji Yafike Magotini

Mimi ni mwana wa Tana River. Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, na mbuzi wa babu wakaisha mmoja mmoja. Novemba 2023 ikaja El Nino. Mto ukafurika, ukazoa migomba yote ya nyanya yangu.

Afisa aliyekuja kutuandikisha alikuwa mmoja tu. Ndiye wa chakula, ndiye wa mashua, ndiye wa mahema. Maskini, angefanyaje?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kukabiliana na majanga. Lakini kazi bila wafanyakazi ni jembe bila mpini. Wengine husema eti kuajiri watu wa mafuriko wakati wa jua ni kulipa mishahara ya bure. Sikubaliani nao hata kidogo! Maji yakimwagika kutoka mabwawa ya Masinga na Kiambere huchukua siku kadhaa kufika Garsen. Siku hizo ni mali. Nani atapeleka habari kijijini? Ni yule anayejua kila mwinuko na kila mzee asiyeweza kutembea. Mtu huyo haajiriwi leo mafuriko yakawa kesho. Na jua likiwaka, atakagua visima na malisho.

Basi kila wadi ipewe afisa wake wa kudumu. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Au sivyo, wenzangu?