Muziki Butembo na Beni: vyombo vya nani, jina la nani?

Kikundi cha muziki huzaliwa kwa urahisi: vijana wanne, gitaa mbili, besi na ngoma. Kazi ni kukiweka hai. Katika Butembo na Beni, jimbo la Kivu ya Kaskazini, vijana wanaopiga rumba, roki au rapu wanaijua hali hii. Mmoja anakwenda kusoma Kampala, mwingine anafuata biashara Kasindi, wa tatu anaoa, na mwenye gitaa anakuja kuchukua gitaa yake. Wakaaji husema tu: wamegombana.

Lakini historia ya orkestra za Kongo inaonyesha kwamba ugomvi huja mwisho. Kabla yake kunakuwa na maswali mawili yaliyoachwa bila jibu: vyombo ni vya nani, na jina ni la nani?

Mfano wa kwanza unabeba jina la hapa nyumbani. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, aliongoza kundi la Les Kinois lililoanzia Uganda na kuhamia Nairobi mwaka 1977. Lilipovunjika, aliunda Orchestra Virunga mwaka 1981, akilipa jina la milima ya volkano ya Kivu. Katikati ya miaka ya 1980, vibali vya kazi viliwabana wanamuziki wengi wa Kongo nchini Kenya. Wapigaji wakatawanyika, wengine wakaingia. Baadaye Mapangala mwenyewe alihamia Marekani. Hata hivyo jina Virunga halikufa, kwa sababu kila mtu alijua liko mikononi mwa nani.

Mfano wa pili unatoka Dar es Salaam. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947, alifika Tanzania mwaka 1978 na kupiga na Orchestra Makassy, kisha akaingia Super Matimila. Matimila lilikuwa jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Tajiri alileta gitaa na spika, mwanamuziki akaleta sauti na nyimbo. Mpango kama huo una faida yake: kijana asiye na kitu anapata kupiga. Hatari yake ni kwamba siku tajiri akichoka, orkestra nzima inalala.

Mfano wa tatu ni Wenge Musica ya Kinshasa, iliyoanza mwaka 1981. Mwaka 1997 iligawanyika: JB Mpiana akabaki na Wenge BCBG, Werrason akaunda Wenge Musica Maison Mère. Jina moja likawa na wenyewe wengi, na mashabiki wakachagua upande. Iliwachukua karibu miaka 25 kusimama tena kwenye jukwaa moja, tarehe 30 Juni 2022, katika uwanja wa Martyrs.

Kwa Butembo, mji wa wafanyabiashara, mfano wa Matimila ndio ulio karibu zaidi. Mwenye duka anaweza kununua vyombo ambavyo vijana hawawezi kuvipata. Si vibaya, mradi mapatano yaandikwe: vyombo vitakuwa vya kundi baada ya muda gani, mapato ya tamasha yanagawanywa namna gani, na anayeondoka anaondoka na nini.

Kwa Beni, uzito ni mwingine. Mauaji yanayofanywa na waasi wa ADF tangu Oktoba 2014 yamehamisha familia nyingi, na Ebola ya 2018 hadi 2020 ilifanya mikusanyiko iogopwe. Mahali ambapo usiku una hofu, tamasha la usiku halina watu, na kundi lisilopiga halina pesa ya kuwashika wapigaji wake.

Ni kweli, karatasi haizuii risasi, wala haijazi ukumbi. Inaweza kuzuia kitu kidogo zaidi: mpiga ngoma akikimbia vita, nyimbo za kundi zisipotee pamoja naye, na akirudi akute nafasi yake badala ya kesi. Nyimbo zikiandikishwa kwa majina ya waliozitunga, hata kundi likifa, watunzi wanabaki na haki yao.

Wapigaji watabadilika, kwa sababu maisha ya Kivu yanawalazimisha watu kuhama. Swali la jina na la vyombo linafaa kujibiwa mapema, siku ya mazoezi ya kwanza, wakati wote bado ni marafiki.