Betri Hukaa na Chaji, Haisukumi Mawimbi

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi katika mchezo wa kurusha ndege na kuendesha magari na mashua ndogo zinazoongozwa kwa mawimbi ya redio, hakuna iliyo kaidi kuliko ile isemayo kwamba anayetaka modeli yake ifike mbali bila kukata mawasiliano hana budi kuitoa betri ya transmita, yaani kile kifaa cha mkononi chenye vijiti viwili ambacho wengi hukiita rimoti, na kutia nyingine yenye volti nyingi zaidi. Kauli hiyo imesikika tena hivi karibuni kutoka kwa muuzaji mmoja wa betri, aliyemwambia mteja, bila kupepesa macho, kwamba betri ya lithiamu “itayasukuma mawimbi”. Na kwa kuwa wasemao hivyo wamekuwa wengi kuliko wanaofungua kitabu cha maelekezo, inafaa ielezwe kwa ukamilifu ni kwa nini maneno hayo si kweli.

Ndani ya transmita ya kisasa mna kidhibiti volteji, yaani saketi ndogo inayopokea volti za betri na kuzishusha hadi kiwango kimoja kisichobadilika, ambacho kwa kawaida ni volti 5 au 3.3, kabla ya kuzipeleka kwenye sehemu inayozalisha mawimbi. Betri ya asili ya transmita nyingi za zamani ilikuwa na seli 8 za nikeli, kila moja ikiwa na volti 1.2, ambazo kwa jumla ni volti 9.6, ilhali betri ya lithiamu ya seli 3 inayosifiwa na wauzaji huanza na volti 12.6 ikiwa imejaa chaji. Tofauti hiyo ya volti 3 huishia mlangoni mwa kidhibiti, kwani sehemu inayorusha mawimbi hupewa kilekile ilichokuwa ikipewa jana, sawasawa na mnunuzi wa nafaka anayepimiwa kwa pishi: gunia lililo nyuma ya muuzaji likiwa dogo au kubwa, pishi ni ileile. Aidha, nguvu ya mawimbi yenyewe hupangwa kiwandani kwa kufuata sheria, na barani Ulaya, kwa mfano, transmita zinazotumia masafa ya gigahezi 2.4 huwekewa ukomo wa miliwati 100, jambo ambalo betri haina kauli juu yake.

Zile volti za ziada haziendi hewani, bali huwa joto. Katika transmita ambayo kidhibiti chake ni cha aina ya kale, kinachoiondoa ziada kwa kuichoma, na ambayo huvuta miliampea 200 kwa volti 5, betri ya volti 9.6 hupoteza wati 0.92 kama joto, ilhali ile ya volti 12.6 hupoteza wati 1.52, kwa hiyo mnunuzi huyo ametoa fedha nzuri ili kuipasha moto plastiki iliyo mikononi mwake. Na hata kama kidhibiti kisingekuwapo, hesabu bado ingekataa, kwa sababu mawimbi hutawanyika kadiri yanavyosafiri, na ili yafike umbali maradufu katika eneo la wazi huhitajika nguvu mara 4, wala si nyongeza ya volti 3.

Imani hii hupata lishe yake katika neno moja la Kiswahili, “nguvu”, lililobebeshwa mizigo mitatu kwa wakati mmoja: hutajwa kwa maana ya volti, ambazo ni msukumo wa umeme, hutajwa kwa maana ya wati, ambazo ni kasi ya kutumika kwa nishati, na hutajwa kwa maana ya miliampea-saa, ambazo ni kipimo cha akiba iliyomo ndani ya betri. Isitoshe, wengi wamelelewa kando ya redio ya betri, ambayo sauti yake ilipofifia wazee walizitoa betri wakazianika juani, na zilipotiwa tena redio ikanguruma kwa muda. Joto la jua lilikuwa limeichangamsha kemia kidogo iliyosalia, na kilichofaidika kilikuwa spika, lakini watoto waliokuwa wakitazama walihitimisha kwamba betri ndiyo inayoshika stesheni. Watoto hao wamekua, na leo ndio wanaodai pia kwamba simu yenye betri kubwa hupata mtandao vizuri zaidi.

Watetezi wa imani hii wanapobanwa hukimbilia hoja moja wanayoipenda, kwamba walibadilisha betri na wakaiona tofauti kwa macho yao. Hoja hiyo ni ya mgonjwa aliyemeza dawa, akanywa chai, akapona, kisha akaisifu chai. Betri iliyotolewa aghalabu ilikuwa imechakaa kiasi cha kushindwa kukilisha kidhibiti ipasavyo, na betri yoyote nzima ya aina ileile ya zamani ingeleta tofauti hiyohiyo kwa bei nafuu. Wengine hukumbusha kwamba mitambo ya zamani ya megahezi 27 na 35, yenye antena ya kuvuta iliyozidi mita moja, mara nyingi iliilisha hatua yake ya mwisho ya kurusha mawimbi moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ni kweli, kama ilivyo kweli kwamba treni ziliwahi kula kuni, lakini kampuni ya Spektrum iliingiza sokoni transmita ya DX6 ya gigahezi 2.4 mwaka 2005, na anayenunua betri leo kwa ushauri wa enzi ya kabla ya hapo ananunulia kifaa asichokuwa nacho.

Umbali hupotea kwingine kabisa, na si mahali pa siri. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5 hivi, nalo huzuiwa na miti yenye majimaji, ukuta, hata mwili wa mrushaji mwenyewe. Antena hutoa mawimbi kwa wingi ubavuni mwake, na kwenye ncha yake ni haba mno; hata hivyo, wanaolalamika kwamba ndege imekata mawasiliano ni haohao wanaoielekezea ndege ncha ya antena kana kwamba wanainyooshea kidole. Kuikunja antena ili ubavu wake uitazame ndege hakugharimu hata senti moja, na labda ndiyo sababu hakuna muuzaji anayekutaja.

Madhara ya imani hii hayaishii mfukoni. Chaja ya betri za nikeli zinazoandikwa NiMH husubiri volteji ishuke kidogo ndipo itambue kwamba betri imejaa, na lithiamu ikichomekwa humo haitoi ishara hiyo, bali seli yake ikipitishwa volti 4.2 huvimba na inaweza kushika moto. Hata anayebaki na nikeli hujidanganya: chaja ya ukutani ya miliampea 60, iliyoijaza betri ya miliampea-saa 600 kwa saa 15 za usiku mmoja, huhitaji saa 60 na ushei kuijaza ile ya 2,500, kwa hiyo anayeichomoa asubuhi kama alivyozoea huondoka na akiba ileile ya zamani ndani ya betri ya bei mpya. Wapo pia waliotapeliwa kabla hata ya kufika nyumbani, kwani seli za 18650, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, huuzwa zikiwa zimeandikwa miliampea-saa 9,900, wakati seli bora na ya kweli ya ukubwa huo hucheza karibu na 3,500. Kila aliyewahi kununua tochi ya kuchaji ya bei ya chini anaifahamu karatasi hiyo yenye kusema uongo.

Lugha ya mtaani ina usemi ulio sahihi kuliko matangazo yote, nao ni kwamba betri nzuri “inakaa na chaji”. Hiyo ndiyo faida halisi ya kubadilisha betri ya transmita, na si faida ndogo: seli za NiMH zisizovuja chaji haraka zikiwa kabatini, ambazo kampuni ya Sanyo ilizitoa kwa jina la Eneloop mwaka 2005, humwezesha mtu kuikuta transmita yake tayari baada ya miezi kadhaa. Anayesisitiza kwamba kukaa ni sawa na kufika anayo njia ya kujipima, kwa kuwa transmita nyingi zina hali ya majaribio inayopunguza nguvu ya mawimbi, ambapo modeli huwekwa chini na mtu huondoka akihesabu hatua, 30 hivi, huku akitazama kama usukani bado unatii. Na afanye jaribio hilo kwa betri ya zamani iliyojaa, kisha kwa ile mpya, mahali palepale na antena ikiwa imeelekea vilevile. Hatua zitahesabika zilezile, na stakabadhi ya dukani itakuwa ingali mfukoni.