Mkaguzi wa TP naye akaguliwe: somo kutoka Kasulu na Kibondo

Wadau, kila mwaka vyuo vikuu vyetu vinamwaga vijana wa shahada ya ualimu kwenye shule za sekondari nchi nzima wakafanye mafunzo kwa vitendo, ile tuliyozoea kuiita TP. Wengine wanaangukia huku juu kwetu, Kasulu na Kibondo. Baada ya wiki chache mhadhiri anatokea na fomu yake, anakaa dawati la nyuma, anaandika. Anaangalia azimio la kazi, andalio la somo, ubao umegawanywa vipi, yule mtoto wa pembeni kaulizwa swali au kasahaulika. Kipindi kikiisha anamwita kijana kando na kumpa zake: hapa umeharakisha, hapa umejijibu mwenyewe swali uliloliuliza, hapa umefundisha ubao badala ya wanafunzi.

Sasa swali langu ni dogo tu. Huyo mhadhiri, mara ya mwisho yeye kukaliwa nyuma ya darasa lake akifundisha ilikuwa lini?

Kwa wengi jibu ni kwamba haijawahi kutokea. Sisemi wahadhiri ni wabovu, maana najua nitarushiwa mawe. Nasema mfumo. Angalia matangazo ya kazi ya kuanza kufundisha chuo kikuu cha umma: GPA isiyopungua 3.8 shahada ya kwanza, na 4.0 shahada ya uzamili kwa anayetaka kuwa mhadhiri msaidizi. Hiyo ni alama ya kujua somo, siyo alama ya kujua kulifundisha. Aliyesoma uhandisi au jiolojia anapewa chaki (siku hizi projekta) na kuambiwa kaendelee. Kupanda cheo nako ni makala kwenye majarida kwanza. Kwa hiyo mtu mwenye akili timamu atatumia jioni yake kuandika makala, siyo kujiuliza kwa nini nusu ya darasa walikuwa wanasinzia. Wewe ungefanyaje?

Huku Kasulu tuna vyuo viwili vya ualimu, Kasulu na Kabanga. Pale mwanachuo hapelekwi moja kwa moja mbele ya watoto. Anaanza kufundisha wenzake, kipande kidogo cha somo, dakika chache, wenzake wanamkosoa, anarudia. Mtindo huo kwa asili ulitoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, miaka ya 1960, chini ya Dwight Allen na wenzake, na siri yake yote ni hilo neno la mwisho: anarudia. Kukosolewa bila kurudia ni kutukanwa tu.

Walimu wetu wa msingi nao wamepita humo. Mradi wa EQUIP-Tanzania uliofadhiliwa na Uingereza ulianza mwaka 2014, na Kigoma ilikuwa mmojawapo wa mikoa yake. Badala ya kumchukua mwalimu kwenda semina mjini na kumrudisha na posho, mafunzo ya KKK yalifanyika shuleni, kisha walimu wa shule jirani wakakutana kwenye klasta. Baadaye ikaja MEWAKA chini ya Taasisi ya Elimu, mtindo ule ule: walimu wa shule moja wanachagua mada inayowasumbua, mmoja anafundisha, wengine wanatazama, halafu wanakaa kuzungumza. Yaani mwalimu wa darasa la pili kijijini Kibondo ana utaratibu wa kutazamwa na wenzake, na msomi mwenye PhD hana. Kaazi kweli kweli.

Ila tusidanganyane, huku nako kuna ugonjwa. Chini ya kila andalio la somo kuna nafasi ya tathmini na maoni. Hapo ndipo mwalimu anatakiwa ajitafakari. Mkichukua daftari la mwalimu aliyechoka mtakuta sentensi moja imejirudia toka Januari mpaka Novemba: "Somo limeeleweka." Kila siku limeeleweka! Halafu matokeo yakitoka tunashangaa. Mwalimu hakuwa anatafakari, alikuwa anajilinda na mkaguzi.

Chuo kikuu nako kuna pacha wa huo ugonjwa: ile fomu ya wanafunzi kumtathmini mhadhiri. Inajazwa mwisho wa muhula, kozi imeisha. Aliyejaza hataonja matunda yake, na anayesomwa anaona wastani wa namba tu, hajui ni kipindi gani kiliharibika wala kwa nini. Mbona isiulizwe wiki ya tano? Karatasi ndogo, maswali mawili: nini hujaelewa, na nini kinakusaidia. Wiki ya sita mhadhiri anabadilisha kitu. Haihitaji mfadhili.

Najua hoja ya wahadhiri: ukumbi una wanafunzi mia nne, utatafakari nini hapo? Kweli wingi unaumiza. Lakini mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipofurika Nyarugusu, kisha Nduta, watoto wengi walisoma chini ya miti, na wengi wa waliowafundisha walikuwa wakimbizi wenzao. Pale wingi haukuwa sababu ya kuacha kumfuatilia mwalimu. Ulikuwa ndiyo sababu ya kumfuatilia.

Hili linatuhusu watu wa Kigoma kuliko tunavyodhani. Katika mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 uliopitishwa mwaka 2021, MUHAS ilipangiwa kampasi Kigoma. Mkoa ulioishi kwa kupeleka watoto wake Dar, Dodoma na Mwanza unapata chuo kikuu mlangoni. Majengo tutayaona, yatazinduliwa, picha zitapigwa. Mimi nataka kujua hao watakaoajiriwa kusimama mbele ya vijana wa Buhigwe na Kakonko watafundishwa na nani kufundisha, na kama mtu wa Kabanga, mwenye stashahada yake na miaka ishirini ya kukosoa masomo ya wengine, ataruhusiwa kukaa dawati la nyuma la ukumbi wao na fomu mkononi.

Wahadhiri mnaopita hapa kimya kimya bila kuacha maoni, nyie mngekubali?