Kipaji si Kisingizio cha Kutolipa

Wiki iliyopita, kwenye kikao cha kamati ya harusi hapa Daa, Karatu, katibu alisoma bajeti: ng'ombe, mapambo, mshereheshaji, mpiga picha. Mama mmoja akauliza, na yule dada atakayewaimbia maharusi wakiingia? Mzee aliyekaa karibu na dirisha akajibu bila kuinua macho: "Yule si ana kipaji? Mpeni soda." Tukacheka, tukaendelea na mambo ya ng'ombe. Mpiga picha alikuwa ametengewa laki tatu, na hakuna aliyesema kwamba jicho lake ni zawadi ya Mungu.

Imani hiyo, kwamba sauti mtu huzaliwa nayo na kwa hiyo haina bei, imetapakaa mno. Wenye imani hiyo hupenda kumtaja Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu. Ajabu, maana shahidi waliyemwita ni wa upande wa pili.

Jinsi wanavyosimulia, kisa ni kitamu. Binti wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa utumwani mwaka 1880, baba Mnyamwezi na mama Mzigua. Anabeba vyungu kwenda kuuza mjini, ananadi kwa sauti inayowatoa watu majumbani. Mara santuri, mara umaarufu, basi.

Lakini kati ya chungu na santuri kuna miaka 17 ambayo wasimuliaji wanaivuka kama kijito cha kiangazi. Alihamia mjini mwaka 1911, mtu mzima wa miaka kama 31. Alirekodi Bombay mwaka 1928, kwa kampuni ya His Master's Voice, akikaribia miaka 50. Muda wote huo alikuwa anangoja nini, kipaji kiive kama mkungu wa ndizi?

Alikuwa anafundishwa. Ali Muhsin, mwanachama wa Ikhwani Safaa, kile chama cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905, alimfundisha kuimba na kupiga ala. Siti hakujua kusoma wala kuandika. Kila shairi, la Kiswahili au la Kiarabu, liliingia kwa sikio likakaa kichwani, na vina vyake na mizani yake. Ewe unayesema ni zawadi tu, hebu kariri wimbo mmoja wa lugha usiyoisema, kisha uje tuzungumze. Nyumbani kwake Ng'ambo, mjini Unguja, usiku baada ya usiku, alikaa na wenzake, akina Subeit Ambari, Buda Swedi, Mbaruk na Maalim Shaaban. Umbea wa mtaa, kesi za mahakamani, dhuluma za wakubwa, vyote viligeuzwa nyimbo pale. Bombay alikwenda akiwa ameshaiva.

Hata hilo jina hakuzaliwa nalo. Wazazi walimwita Mtumwa. "Siti", jina la bibi mwenye heshima, alipewa ukubwani, kwa kazi.

Sibishi kwamba koo lake lilikuwa la pekee. Udongo mwekundu wa Karatu nao ni wa pekee, hatukuuumba sisi. Ila dereva wa trekta akimaliza kulima hatumwambii kwamba rutuba ni ya Mungu, achukue soda aende. Wala sidhani dharau hii tumeirithi kwa wazee wa Kiiraqw. Anayeongoza slufay, ile dua ndefu ya kuitikiana, ameketi miaka na waliomtangulia akisikiliza, na hakuna anayemwona kama redio iliyowashwa na Mungu asubuhi hiyo.

Yule dada wa harusi nimemuuliza. Ameshafanya mazoezi jioni tatu, kila mara kwa bodaboda ya kujilipia, kwa sababu bwana harusi alibadilisha wimbo mara mbili.

Kikao kijacho ni Jumapili. Nimemwomba katibu aongeze mstari chini ya mpiga picha: mwimbaji, laki moja na nusu, pamoja na nauli. Ameandika kwa penseli. Mzee wa dirishani, alipopata habari, alinipigia simu kuuliza kama yule dada ni ndugu yangu.