Jibu ni B, lakini kwa nini?

Kila Septemba, watoto zaidi ya milioni moja wa darasa la saba nchini Tanzania huketi siku mbili kufanya mtihani ambao, pamoja na kufunga elimu ya msingi, huchuja wachache watakaopangwa katika shule za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na zile mbili za Tabora. Seminari na shule nyingi binafsi nazo huweka mitihani yao ya kujiunga. Nafasi ni chache na wanaozitaka ni wengi, ndiyo maana mwaka wa darasa la saba umekuwa mwaka wa kukimbizana: twisheni kabla ya kengele ya asubuhi, twisheni jioni, moko, yaani mtihani wa majaribio, mwisho wa wiki, na kitabu cha mitihani iliyopita kikisuguliwa mpaka kurasa zichakae. Hoja yangu ni kwamba maandalizi ya namna hii yanamlenga mtoto kwenye karatasi ya mtihani na kuisahau shule anayoigombea. Mzazi anayetaka mtoto wake achaguliwe, kisha asimame imara huko aendako, amfundishe kwanza kusoma kwa kuelewa na kueleza alichoelewa.

Tuitazame karatasi yenyewe. Masomo ni sita, na sehemu kubwa ya maswali ni ya kuchagua jibu na kutia kivuli kwenye herufi yake. Mtoto aliyepitia karatasi nyingi za aina hiyo hujifunza ujanja wa kuondoa majibu yasiyoelekea na kukisia katika yaliyobaki. Hujifunza pia kukariri, kwa kuwa swali la mwaka juzi huweza kurudi likiwa limebadilishwa namba tu. Alama hupanda kweli, lakini alama hiyo inapima nini? Mwaka 2012 serikali yenyewe ilikiri kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 walikuwa wamechaguliwa kuingia kidato cha kwanza ilhali hawajui kusoma na kuandika. Miaka miwili kabla yake, utafiti wa mpango wa Uwezo, unaopima stadi za watoto za kusoma na kuhesabu, ulionyesha kuwa mmoja kati ya watoto watano wanaomaliza shule ya msingi alishindwa kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Udanganyifu ulichangia katika hayo ya 2012, lakini udanganyifu hupata mwanya pale ambapo herufi moja inatosha kusimama badala ya maarifa.

Gharama ya kukariri hulipwa Januari. Mtoto wa shule ya serikali aliyesoma kwa Kiswahili miaka saba huingia kidato cha kwanza na kukuta baiolojia, hisabati na jiografia zote kwa Kiingereza. Aliyeelewa usanisinuru, kwamba jani hutumia mwanga, maji na hewa ukaa kutengeneza chakula cha mmea, ana kazi moja tu: kukipa jina jipya kitu anachokijua. Aliyekariri kwamba jibu ni B hana cha kuhamisha, maana B haina tafsiri. Naye huyu akipangwa shule ya vipaji, atakaa darasa moja na wenzake wanaoandika insha na kuuliza maswali, na upimaji wa kidato cha pili utamkuta bado anatafuta herufi ya kutia kivuli.

Yupo atakayesema kwamba mlango ndio huo, na kwamba kuelewa hakumsaidii asiyeupita. Ni kweli, na mitihani iliyopita ina kazi yake: humzoesha mtoto muda, maelekezo na fomu ya majibu. Kazi hiyo huhitaji majuma, haihitaji mwaka mzima. Karatasi moja iliyofanywa taratibu, mtoto akieleza kwa nini jibu hili ni sahihi na yale mengine yamekosea wapi, humfaa kuliko karatasi kumi za kukimbizia alama. Swali likigeuzwa, aliyekariri hukwama, aliyeelewa huligeukia. Atasema mwingine kwamba ushauri huu ni wa wazazi wasomi wenye nafasi. Sivyo. Twisheni ndiyo inayodai fedha. Kumsikiliza mtoto akieleza somo wakati wa kuchambua mchele hakudai hata shilingi, na mzazi asiyejua jibu bado hutambua kama maelezo yameshikana au yanayumba. Kusoma gazeti la Kiswahili kwa sauti na kufupisha habari iliyosomwa ni mazoezi ya ufahamu yaliyo tayari mezani.

Shule nazo zina deni. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na watahiniwa bora, hatua nzuri ya kupunguza mbio za sifa, lakini mbio haziishi iwapo mwalimu mkuu bado anapimwa kwa wastani wa darasa la saba peke yake. Tena Sera ya Elimu, toleo la 2023, inaifanya elimu ya msingi kuwa miaka sita na elimu ya lazima kuwa miaka kumi, hadi kidato cha nne. Kwa mpango huo, lango linasogezwa mbele hadi mtihani wa kidato cha nne, na huko mtoto hupewa karatasi tupu aijaze kwa hoja zake mwenyewe. Basi jioni ya leo, mtoto akileta moko yenye alama 48 kati ya 50, tusimpongeze tukaishia hapo. Tumwombe achague swali moja alilolipata, atueleze amelipataje.