Mtegemea Google Hufa Maskini

Kila Google wakibadilisha kanuni zao za kupanga tovuti, kilio kinaanza. Jana tovuti ilikuwa ukurasa wa kwanza, leo iko wa sita. Jana simu za wateja zilikuwa zinaita, leo kimya. "Google wamenimaliza!" Kwenye makundi ya WhatsApp watu wanaoneshana michoro ya wasomaji ilivyoporomoka, kila mmoja anamuuliza mwenzake kama na yeye kapigwa.

Nimechoka na kilio hiki. Hasara ni ya kweli, hilo sibishi. Kinachonichosha ni kwamba anayelia leo ndiye aliyelia mwaka jana, kwa jambo lile lile, na katikati hapo hakubadilisha kitu. Alilala. Na wewe unayesoma, umelala naye.

Naandika kutoka Fukayosi, kwenye barabara ya Bagamoyo kwenda Msata. Usiniambie mambo ya algoriti, yaani hizo kanuni za Google, ni ya watu wa Masaki na Mikocheni kule Dar es Salaam. Fukayosi kuna simu, kuna bando la kuungaunga, na kuna mzazi ambaye mwanawe amefanya mtihani wa kidato cha nne. Hebu tumfuate huyo mzazi.

Januari inafika. Zinavuma habari kwamba matokeo yametoka. Mzazi anaandika kwenye Google: matokeo kidato cha nne. Matokeo yenyewe yako kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, necta.go.tz, na kuyatazama ni bure. Lakini kwenye simu yake inashuka orodha ndefu ya tovuti ambazo hazina hata alama moja ya mtoto yeyote. Vichwa vya habari vinapiga kelele: haya hapa, yametoka, bofya! Anabofya. Anakutana na maelezo ya NECTA ni nini, umuhimu wa elimu katika jamii, na hatua kumi za kutazama matokeo ambayo hapo hayapo. Kila baada ya aya, tangazo. Chini kabisa kuna jedwali la mikoa. Anabofya Pwani. Unafunguka ukurasa mwingine wenye maelezo yale yale, ila neno "Pwani" limechomekwa kila mahali. Tangazo la mkopo wa haraka. Tangazo la kubashiri mechi. Bando linakata.

Na ukurasa huo uliandikwa lini? Mara nyingi uliandikwa kabla mtoto hajaingia chumba cha mtihani! Mwandishi wake hakuwa na habari ya kutoa. Alikuwa na maneno ya kuwahi: matokeo, nafasi za kazi, walioitwa kwenye usaili, waliochaguliwa kidato cha tano. Haya ndiyo maneno Mtanzania anayoyaandika kwenye simu huku moyo unamdunda, na mtu mwenye hofu hubofya chochote. Biashara nzima imesimama hapo: kuuza hofu ya mzazi kwa senti za matangazo.

Debe tupu haliachi kuvuma. Lakini ni nani aliyeliweka debe tupu mbele ya mzazi? Ni kijana wetu wenyewe, mwenye akili, aliyekesha usiku kucha akikopi na kupesti. Huyo huyo ndiye anayelia Google wakimshusha. Nimhurumie?

Tuseme ukweli kuhusu hizo kanuni, maana watu wanazizungumzia kana kwamba ni uchawi. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, hesabu yao kubwa ilikuwa hii: ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa nyingi nyingine, hasa zenye uzito, uhesabiwe kuwa na uzito. Watu wakaanza kununua viungo. Wakarudia neno moja mara hamsini kwenye ukurasa mmoja. Wakaanzisha mitambo ya kumwaga makala zisizo na kichwa wala miguu.

Google wakajibu. Februari 2011 ulikuja mfumo wa Panda, ukazipiga tovuti zenye makala nyepesi. Wenyewe walisema uligusa karibu asilimia 12 ya utafutaji wa Marekani. Aprili 2012 ukaja Penguin, ukawapiga wanunuzi wa viungo. Tarehe 21 Aprili 2015, tovuti zisizosomeka vizuri kwenye simu zikaanza kushushwa kwa wanaotafuta kwa simu. Agosti 2022 ukaja mfumo wa kuzitambua kurasa zilizoandikwa kwa ajili ya mashine badala ya watu. Septemba 2023 ukakazwa. Machi 2024 yakaanza mabadiliko mengine yaliyochukua siku 45, na Google wakatangaza kwamba yamepunguza kurasa duni kwenye matokeo yao kwa asilimia 45.

Miaka yote hiyo, ujanja wa jana ndio uliogeuka kosa la leo. Njia ya mwongo ni fupi, na ufupi wake una tarehe zilizoandikwa. Lakini bado yupo mtu mjini anakuuzia "ukurasa wa kwanza kwa uhakika", kila mwezi unamtumia hela, wakati Google wenyewe wameandika wazi kwamba hakuna awezaye kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza. Unalipia nini, ndugu yangu? Hata kusoma masharti ya mlango unaougonga umeshindwa?

Usidhani nawatetea Google. Sina sababu ya kuwatetea.

Februari 2024, tovuti ndogo ya HouseFresh, ambayo kazi yake ni kununua mashine za kusafisha hewa na kuzipima kweli, ilieleza hadharani jinsi ilivyosukumwa chini na majina makubwa ya magazeti ambayo yanasifia mashine bila ushahidi wa kuzipima. Wenye tovuti ndogo sehemu nyingi wakajitokeza na malalamiko kama hayo. Mkweli alipigwa pamoja na mwongo. Akate rufaa wapi? Apige simu gani? Kanuni zinatungwa California, zinabadilishwa California, na anayefungiwa duka lake hasomewi hata shtaka.

Tarehe 5 Agosti 2024, Jaji Amit Mehta wa mahakama ya shirikisho mjini Washington aliamua kwamba Google wamevunja sheria ili kulinda ukiritimba wao wa utafutaji. Katika kesi hiyo ilifichuka kwamba kwa mwaka 2022 peke yake waliilipa Apple dola bilioni 20 ili wabaki kuwa chaguo la kwanza kwenye simu zake. Mtu anayelipa dola bilioni 20 kulinda mlango, unadhani anaulinda kwa faida yako wewe wa Pwani?

Na mlango wenyewe unazidi kuwa mwembamba. Tangu Mei 2024 huko Marekani, na kufikia Oktoba mwaka huo katika nchi zaidi ya mia moja, Google wanaweka juu kabisa jibu lililotungwa na akili mnemba. Limetungwa kutokana na jasho la walioandika, na msomaji akilipata hana haja ya kushuka kwa mwandishi. Umepigania nafasi ya kwanza miaka mitano. Umeipata. Msomaji haji.

Sisi wa Kiswahili tuko nyuma zaidi kwenye foleni. Oktoba 2019, Google walipoleta mfumo wa BERT wa kuelewa sentensi nzima badala ya neno moja moja, walianza na Kiingereza cha Marekani. Lugha nyingine zilisubiri mpaka Desemba. Miezi miwili si mingi, lakini foleni ni ile ile kila mara, na sisi hatujawahi kuwa mbele. Ukiongeza kwamba tunawalisha maelfu ya kurasa za "bofya hapa uone matokeo", mashine itajifunza nini kuhusu Kiswahili? Itajifunza kwamba Kiswahili ni lugha ya takataka. Tunajichafua wenyewe.

Na hatukuanza hivi! Katikati ya miaka ya 2000, Ndesanjo Macha alikuwa akiandika blogu ya Jikomboe kwa Kiswahili, akibishana na wasomaji wake kama watu wazima. Mwaka 2005 Issa Michuzi akaanzisha blogu yake, na Watanzania wa Dar es Salaam mpaka ughaibuni wakawa wanaifungua kila asubuhi. Waliifungua kwa jina. Hawakuhitaji Google kuwaambia iko wapi.

Kisha serikali ikaleta Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018. Maombi shilingi 100,000, leseni shilingi 1,000,000, na ada ya mwaka shilingi 1,000,000 nyingine. Mwanablogu asiyeingiza hata nauli angezitoa wapi? Wengi walifunga. Wengine wakahamia Instagram, kwenye nyumba ya mtu mwingine. Baadaye ada zilipunguzwa, lakini aliyevunjika moyo harudi kwa sababu ya punguzo. Uwanja ukabaki wazi, wakaingia wawindaji wa maneno. Serikali iliyoogopa waandishi ikatuachia wauza hofu. Hilo nalo tulinyamazia.

Lakini lawama si za serikali peke yake. Njoo Bagamoyo mjini. Mgeni akitafuta malazi huku, juu kabisa hukutana na matangazo ya kulipiwa na madalali wakubwa wa kimataifa, ambao kamisheni yao ni asilimia 15 na wakati mwingine zaidi. Mwenye nyumba ya wageni analalamika kwamba tovuti yake haionekani. Nimezisoma tovuti za namna hiyo. Zimeandikwaje? "Karibuni sana, tuna vyumba safi na huduma bora." Na jirani yake? "Karibuni sana, tuna vyumba safi na huduma bora." Mashine iwatofautishe kwa lipi?

Mwenye nyumba huyu anaamka kila siku karibu na Ngome Kongwe. Kaole, kwenye magofu yaliyoanza karne ya 13, anaweza kwenda kwa bodaboda. Anaijua Misheni ya Wakatoliki iliyoanza 1868, mahali mwili wa Livingstone ulipopitishwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Anajua msimu gani barabara ya Saadani inapitika na msimu gani gari linakwama. Anajua bahari inakupwa lini na samaki wanafika mnadani saa ngapi. Hayo yote mgeni anayauliza. Hakuna hata moja aliloandika! Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hata kizuri hakijiuzi kikifungiwa ndani.

Baya zaidi, hana namba ya mgeni hata mmoja. Aliyelala kwake mwaka jana na kuondoka ameridhika, mwaka huu anarudishwa na dalali, na kamisheni inakatwa upya kwa mteja ambaye alikuwa wake tayari. Hapo Google wana kosa gani?

Nenda Kiwangwa, jirani zetu wa mananasi. Kijana amekulia shambani. Anajua miche ipi ya kuchagua, anajua nanasi lililoivishwa kwa dawa linavyotofautiana na lililoiva lenyewe, anajua dalali anavyoteremsha bei msimu mananasi yakijaa barabarani. Hakuna mtu California anayeyajua hayo. Hakuna algoriti inayoweza kuyabuni. Kijana huyo akifungua tovuti, anaandika nini? Matokeo ya kidato cha nne mikoa yote! Ameacha anachokijua peke yake, akaenda kugombania anachokinakili kila mtu. Halafu akishushwa anaona ameonewa.

Na ninyi wenye ofisi za umma msijifiche nyuma ya vijana. Mnatoa tangazo la ajira au la kikao kwa karatasi iliyopigwa muhuri, mnaipiga picha imelala upande, mnaiweka kwenye tovuti ambayo haifunguki kwenye simu ndogo. Mwananchi akishindwa kusoma, anakwenda kwa mwindaji wa maneno ambaye amelichapa upya, mara nyingine hata tarehe ameikosea. Pengo mnaliacha wenyewe. Andikeni tangazo kwa maandishi ya kawaida, kwa Kiswahili, siku ile ile.

Mzazi mwenzangu, wewe andika anwani yenyewe juu ya simu: necta.go.tz. Mfundishe na mama wa jirani. Kila unayemfundisha, mwindaji mmoja anakosa mbofyo.

Wewe mwenye tovuti, chukua namba za wateja wako kwa ridhaa yao na uwaandikie. Futa kila ukurasa ulioutengeneza kwa ajili ya mashine. Andika kile ambacho wewe, kwa kuishi hapa, unakijua kuliko mtu mwingine yeyote, na ukiandike kwa Kiswahili kinachosomeka. Mtu wa kukuuzia ukurasa wa kwanza, mfukuze leo.

Google watabadilisha kanuni tena; hufanya hivyo kila mwaka, tena zaidi ya mara moja. Mwenye wateja wanaomjua kwa jina atapata hasara, lakini ataendelea kufungua duka. Wewe uliyejaza kurasa za wizi utafutika kwenye utafutaji, na utakuwa umestahili.