Kauli ya 'mtandao hakuna' inawaumiza wakulima

KAULI ya "mtandao hakuna" imekuwa ya kawaida katika ofisi nyingi zinazowahudumia wakulima na wafanyabiashara wadogo. Mkulima anashuka na mzigo kutoka Kinole, Matombo au Mgeta, anafika dirishani, anaambiwa asubiri au arudi kesho.

Kurudi kesho si jambo dogo kwa mtu wa milima ya Uluguru. Kuna nauli, chakula na mahali pa kulala. Hapo ndipo mlanguzi anapopata mwanya.

Tuchukulie mfano. Wakulima 40 wamefika chamani, kila mmoja na kilo 50 za pilipili manga. Wakikata tamaa na kumuuzia mlanguzi kwa bei iliyopungua Sh500 kwa kilo, wamepoteza Sh1,000,000 kwa siku moja.

Ni kweli yapo matatizo yaliyo nje ya uwezo wa ofisi. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zinazopita chini ya Bahari ya Hindi zilipata hitilafu, na intaneti ikayumba hapa nchini na kwa majirani zetu. Siku kama hiyo hakuna wa kulaumiwa ofisini.

Lakini yapo matatizo yanayozaliwa ndani ya ofisi zenyewe. Dalili yake ni rahisi: kompyuta ya mhasibu inashindwa hata kuchapa risiti kwenye printa iliyo chumba cha pili. Hapo bahari haihusiki. Mtandao wa ofisi umefungwa vibaya.

Kosa moja linajulikana sana kwa mafundi. Kila kompyuta hupewa anwani yake, na ruta moja ndiyo inayogawa anwani hizo. Anakuja fundi wa pili, anachomeka ruta nyingine nayo inaanza kugawa. Matokeo yake ni sawa na kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili. Kompyuta moja inafanya kazi, nyingine inagoma, na kesho yake zinabadilishana. Ofisi inanunua kompyuta mpya, ugonjwa unabaki palepale.

Kosa jingine ni la usalama. Ruta inaachwa na neno la siri lililotoka nalo kiwandani, na wageni wanatumia mtandao uleule wenye vitabu vya hesabu za wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaibebesha ofisi wajibu wa kulinda majina, namba za simu na akaunti za watu. Kusema "fundi ndiye aliyefunga" hakutaisaidia.

Chanzo ni kutafuta bei ya chini. Viongozi wanamwita kishoka, anaunganisha waya, analipwa na kuondoka na maneno ya siri kichwani. Anayefuata anaanza kubahatisha.

Jambo hili haliwezi kuachwa hivi. Vyama vya ushirika sasa vinatakiwa kutumia MUVU, mfumo wa kompyuta wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na mazao kadhaa yanauzwa kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Ofisi ambayo mtandao wake haueleweki haiwezi kumtetea mkulima katika soko la namna hiyo.

Tunashauri mambo manne. Kwanza, mkataba wa fundi uwe wa maandishi, na asilipwe fedha yote hadi mtandao umefanya kazi wiki mbili bila kusumbua. Pili, aache ofisini mchoro wa mtandao na maneno yote ya siri, vifungiwe kabatini. Tatu, wageni watenganishwe na kompyuta za hesabu. Nne, daftari na stakabadhi za mkono ziwepo siku zote, ili mzigo upimwe na kupokewa hata mtandao ukikatika.

Wanachama nao wana kazi. Katika mkutano mkuu ujao, waulize mtandao wa chama chao ulifungwa na nani, kwa Sh ngapi, na maneno ya siri anayo nani. Kiongozi asiyeweza kujibu maswali hayo asipewe idhini ya kununua kompyuta nyingine.